Bapa la Saba

Pikapu ya mama inalalia kushoto
tangu siku niliyokabidhiwa ufunguo,
na Malindi nzima imejipa haki ya kunieleza sababu.
"Umepakia nanasi upande mmoja," alisema askari wa daraja la Sabaki,
na nyuma sikuwa na hata nanasi moja.
"Upepo huo," akasema kijana wa pampu pale Barani.
Tukajaza tairi. Ikabaki imelala vilevile,
ila sasa kwa ukakamavu.

Fundi Tsofwa wa Maweni hakugusa kitu kwanza.
Alichuchumaa nyuma yake, jicho moja kalifumba,
kisha akatoa futi ya fundi cherehani
akapima toka sakafuni hadi ukingo wa madigadi:
kulia inchi thelathini na tatu,
kushoto thelathini na moja.
"Kamani ya kushoto imechoka."
Neno hilo, kuchoka, lilinipata mahali.
Nikalipa.

Jeki ikapanda. Yubolti zikalia,
kutu ikamwagika kama pilipili manga juu ya saruji,
kamani mpya, bushi mpya, grisi hadi viwikoni,
elfu tisa na mia tano, chai haimo.
Jeki ikashuka.
Tukarudi nyuma hatua tatu, sote, kama wapiga picha.

Kushoto.
Kidogo tu,
kama mtu ategaye sikio ukutani kwa jirani.

Hapo ndipo Mwambire, mwanagenzi,
ambaye tangu asubuhi kazi yake ilikuwa kushika tochi,
akalala chali upande ambao hakuna aliyeushuku
akaanza kuhesabu mabapa ya kamani kwa kidole.
Akahamia wa pili. Akahesabu tena.
"Huku sita," akasema. "Kule saba."

Nikampigia mama.
Kimya. Kisha kicheko.
"Ni mimi. Mwaka ule mifereji ya Muyeye ilitoa hewa miezi mitano,
nikanunua tangi la lita mia tano, nikauza maji.
Nililifunga kulia, nyuma ya mgongo wangu,
nikifungua mlango tu koki iko mkononi.
Ulitaka nilizunguke gari zima
na wewe umo tumboni?
Gari likalalia kulia. Nikaongezewa bapa, likasimama."
"Na tangi?"
"Nililiuza, ukapata viatu vya shule."
"Na bapa?"
"Nani hukumbuka bapa?"

Basi kushoto hakukuwa na ugonjwa wowote.
Kulia ndiko kulikokuwa bado kumejikaza
kubeba maji yaliyokwisha kunywewa,
kuogewa, kupikiwa, kumwagwa mlangoni,
miaka ishirini na sita.

Fundi Tsofwa hakunirudishia pesa.
Alinirudishia kamani yangu ya zamani,
akaifunga mwenyewe, bila kunitazama usoni,
kisha akakata senta bolti ya kulia
na bapa la saba likatoka, jeusi, limepinda kama ubavu.
Thelathini na moja. Thelathini na moja.
Mwambire alilitaka, shemeji yake hufua mapanga.
Nikamwambia hapana. Sikuwa na sababu ya kumpa.

Njiani kurudi nikaona bega langu limeegemea mlango,
kiuno kimejipinda kulia:
kumbe miaka yote hii nami nilikuwa nikiizuia isianguke.
Nikajinyoosha. Barabara ya Mambrui ikaonekana imeinama.

Mama alikuwa ameketi barazani akichambua kunde.
Akainuka, akazunguka gari zima, safari hii alizunguka,
akaweka kiganja juu ya gurudumu la kulia
akalibonyeza kama anayenunua godoro.
"Imeshuka," akasema.
Nikamweleza inchi, nikamweleza sita kwa sita.
"Imeshuka," akasema tena,
akanyoosha mkono adai bapa lake.